Vifaru vizito vya Vita vya Pili vya Dunia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu Tiger na wapinzani wake

Kati ya vifaru vizito vya 1939–1945, kinachoulizwa zaidi ni Tiger I cha Ujerumani, ndiyo maana kimechukua nafasi kubwa hapa. KV na IS-2 vya Urusi, Tiger II cha Ujerumani na Pershing cha Marekani vinafuata. Uzito wote unaotajwa ni wa kifaru kilicho tayari kwa vita: watu wamo, mafuta yamejaa, risasi zimepakiwa.

Kifaru kizito ni kipi hasa?

Inategemea unamuuliza nani. Panther cha Ujerumani kilikuwa na tani 45, lakini Wajerumani wenyewe walikihesabu kuwa cha wastani. Warusi walikuwa na IS-2 cha tani 46 na wakakiita kizito. Waingereza waligawa vifaru vyao kwa kazi: Churchill, chenye tani karibu 40, kilikuwa cha kutembea na askari wa miguu. Kilichoviunganisha vifaru vizito ni kazi ya kutoboa ngome ya adui: deraya (chuma cha kukinga) nene mbele, mzinga mkubwa, na vikosi vya peke yake vinavyopelekwa pale penye shughuli kubwa.

Ni kweli Tiger kilibuniwa kujibu T-34 na KV?

Nusu ni kweli. Agizo lililozaa Tiger lilitolewa kwenye mkutano wa 26 Mei 1941, karibu mwezi mzima kabla ya Ujerumani kuivamia Urusi tarehe 22 Juni, na kampuni ya Henschel ilikuwa imekwisha kujaribu miundo ya vifaru vizito kwa miaka kadhaa. Kukutana na T-34, kifaru cha wastani cha Urusi, na KV kulileta haraka. Haraka hiyo ndiyo chanzo cha hitilafu nyingi utakazozisoma hapa chini.

Washindani walikuwa wawili, Henschel na Porsche, na vifaru vyao vilionyeshwa kwa Hitler huko Rastenburg tarehe 20 Aprili 1942, siku yake ya kuzaliwa. Cha Porsche kilikuwa na injini mbili za petroli zilizozungusha jenereta, na jenereta zikapeleka umeme kwenye mota za kuendeshea cheni. Kwenye karatasi kilipendeza, maana hakikuhitaji giaboksi ya kawaida. Kwenye udongo kilichemsha, kikaharibika mara kwa mara, na kilidai shaba nyingi ambayo Ujerumani haikuwa nayo. Henschel ikashinda. Bodi (viwiliwili vya vifaru) takriban 90 ambazo Porsche ilishaziandaa ziligeuzwa kuwa Ferdinand, mzinga wa kujiendesha wa kuwindia vifaru.

Tiger I kiliundwa Kassel kuanzia Agosti 1942 hadi Agosti 1944. Jumla yake ni takriban 1,350.

Deraya yake ilikuwa na unene gani?

Bodi mbele milimita 100, ubavu wa juu 80, ubavu wa chini nyuma ya magurudumu 60, nyuma 80. Paa lilikuwa na milimita 25 tu mwanzoni. Mabamba karibu yote yalisimama wima, tofauti na T-34 ambacho mabamba yake yalilazwa ili risasi iteleze.

Udhaifu huo dereva aliweza kuupunguza. Wafanyakazi wa Tiger walifundishwa wasimkabili adui uso kwa uso, bali wakigeuze kifaru kidogo ili kona ndiyo imtazame. Hesabu ni rahisi: ukikigeuza nyuzi 30, bamba la mbele la milimita 100 linailazimisha risasi ipite kwenye chuma cha milimita 115, na ubavu wa 80 unakuwa sawa na 160. Ukizidisha hadi nyuzi 60, mambo yanageuka: sasa ubavu ndio una takriban 92 tu. Dereva mwenye pupa ya kugeuza aliweza kumuuza mwenzake wa mzinga bila kujua.

Warusi walipokipima Tiger walichokiteka, kwenye uwanja wa majaribio wa Kubinka mwezi Aprili 1943, mzinga wa milimita 76 wa T-34 ulishindwa kutoboa ubavu wake hata kutoka mita 200. Matokeo hayo ndiyo yaliyosukuma kazi ya mizinga ya milimita 85 na 122.

Mzinga wa 88 ulikuwa na nini cha ajabu?

KwK 36, ndio mzinga wa Tiger wa milimita 88, ulitokana na mzinga wa kutungulia ndege. Risasi yake ya kawaida ya kutoboa deraya ilikuwa na kilo 10.2 na ilitoka mdomoni kwa mita 773 kwa sekunde; kwa mita 1,000 ilitoboa takriban milimita 100 za chuma kilicholazwa nyuzi 30. Kifaru kilibeba risasi 92, kwa kawaida nusu za kutoboa na nusu za kulipuka. Wasomaji wengi husahau hiyo nusu ya pili. Shabaha nyingi za kifaru hazikuwa vifaru wenzake, zilikuwa mizinga iliyofichwa, bunduki za rashasha na nyumba zilizogeuzwa ngome.

Faida kubwa kuliko kutoboa ilikuwa usahihi. Risasi iliyokwenda kwa mstari karibu ulionyooka, ikitumia darubini nzuri ya kulengea, ilisamehe kosa la kukadiria umbali. Kwa hiyo Tiger kiliweza kupiga T-34 kutoka zaidi ya mita 1,000, ilhali T-34 cha 1942 kilihitaji kusogea karibu sana na kutafuta ubavu.

Je, mnara wake ulizunguka polepole?

Ndiyo, lakini kasi yake ilitegemea injini. Mnara, yaani kile chumba cha juu chenye mzinga, ulizungushwa na pampu ya haidroliki iliyopata nguvu kutoka kwenye injini. Injini ikiunguruma kwa mizunguko mingi, duara zima lilichukua kama dakika moja. Ikiwa polepole, muda uliongezeka sana. Injini ikizimika, mpiga mzinga alibaki na usukani wa mkono: mizunguko 720 kwa duara moja zima. Ndiyo maana kwenye mapambano ya karibu wafanyakazi hodari waligeuza bodi nzima kwanza, kisha mnara ukamalizia.

Kwa nini magurudumu yake yanapishana, na tatizo lake lilikuwa nini?

Kila upande una ekseli nane, na kila ekseli ya Tiger cha mwanzo ina magurudumu matatu yenye mpira. Hayo ni magurudumu 24 kwa upande mmoja, yamepangwa kwa kupishana. Lengo ni kusambaza tani 57 juu ya cheni yote ili kifaru kisizame kwenye udongo laini na kisirukeruke. Kwa kazi hiyo mpango ulifaulu. Wengi walioshangaa jinsi Tiger kilivyotulia mashambani hawakukosea.

Balaa ni matengenezo. Gurudumu la ndani likiharibika, fundi analazimika kukata cheni, kung'oa magurudumu ya nje, ya kati, na ya ekseli jirani kabla hajaligusa lile moja analolitaka. Matope yaliyojaa kati ya magurudumu usiku yaliganda kwa baridi ya Urusi, na asubuhi kifaru hakisogei. Mipira nayo ilichanika kwa uzito. Kuanzia mapema 1944 yaliletwa magurudumu ya chuma yenye mpira ndani, mawili kwa ekseli, 16 kwa upande.

Hitilafu gani zilikuwa za kawaida, na kwa nini?

Tuanze na injini. Vifaru 250 vya mwanzo vilipewa Maybach HL 210, lita 21 na nguvu farasi 650. Haikutosha, ikaletwa HL 230 ya lita 23 na nguvu farasi 700, yenye bloku ya chuma cha kusubu badala ya aluminiamu. Nguvu zilizoongezeka zilikamuliwa kutoka kwenye nafasi ileile finyu, na injini ikawa moto kupita kiasi: gasketi zilipasuka, mabomba ya petroli yalivuja juu ya ekzosi yenye joto, moto ukawaka. Mwishoni mwa 1943 gavana, yaani kidhibiti cha kasi ya injini, ilipunguzwa kutoka mizunguko 3,000 hadi 2,500 kwa dakika. Kifaru kilipoteza nguvu kidogo, injini ikaongeza umri.

Giaboksi ya Maybach Olvar, gia nane mbele na nne nyuma, ilikuwa rahisi kuendesha. Dereva alichagua gia kwa wenzo mdogo na shinikizo la oili likafanya kazi yenyewe. Usukani ulikuwa wa duara kama wa gari. Urahisi huo ulidanganya. Dereva mchanga alisahau kwamba anaendesha tani 57 na akakata kona kali kwenye matope, au akarudi nyuma kwenye mteremko akiwa na gesi nyingi. Meno ya gia za mwisho, zile zinazogeuza gurudumu la kuvutia cheni, yakakatika. Na kuitoa giaboksi ilikuwa lazima kwanza unyanyue mnara wenye uzito wa tani 11 hivi kwa winchi kubwa ya kuegemea nguzo. Kazi hiyo huifanyi porini huku unapigwa mizinga.

Kwa hiyo utaratibu wa safari ulikuwa hivi: nenda polepole, simama baada ya kilomita 5 za kwanza, kisha kila kilomita 10 hadi 15. Kila kituo gusa magurudumu yasiwe na joto, angalia pini za cheni, angalia uvujaji wa oili chini ya bodi, soma joto la maji. Vikosi vilivyofuata utaratibu huo vilikuwa na vifaru vingi vinavyotembea. Vilivyoamriwa kukimbia usiku kucha kwenda kuziba pengo viliviacha njiani.

Kilikula mafuta kiasi gani?

Tangi zote nne zilichukua lita 540. Takwimu rasmi zinasema kilomita 195 barabarani na 110 porini, yaani karibu lita 5 kwa kila kilomita moja porini.

Kilisafirishwaje kwa treni?

Kwa usumbufu mkubwa. Cheni za vita zilikuwa na upana wa milimita 725 na zilitokeza nje ya kipimo cha reli. Hatua zilikuwa hizi:

1. Fungua vikinga matope vya pembeni na toa safu ya nje ya magurudumu, manane kila upande.
2. Kata cheni za vita na uzivute pembeni. Kila cheni ina pingili 96.
3. Funga cheni nyembamba za safari, milimita 520, ambazo hubaki na behewa lake.
4. Panda kwenye behewa maalumu la ekseli sita, katikati kabisa, kisha funga breki na uweke vigingi.
5. Weka mabehewa mepesi kati ya Tiger na Tiger, angalau manne, daraja lisibebe viwili kwa pamoja.

Ukifika, yote hayo unayarudia kinyume. Kikosi kilichoshushwa kituoni huku adui yu karibu kiliingia vitani kikiwa na cheni nyembamba, na kifaru kizito chenye cheni nyembamba huzama kwenye udongo laini.

Kikikwama kilivutwaje?

Trekta la nusu-cheni la tani 18 lilikuwa ndilo kubwa kuliko yote, na moja halikutosha. Matatu yalihitajika kwenye barabara kavu. Kwenye matope au mlima yaliongezwa. Kuvuta Tiger kwa Tiger kulikatazwa, kwa sababu kile kinachovuta kilichemsha au kukata gia, na sasa una vifaru viwili vilivyokufa badala ya kimoja. Amri hiyo ilivunjwa kila siku, maana chaguo jingine lilikuwa kukilipua.

Hesabu za vita zinaeleweka vizuri ukikumbuka hili. Sehemu kubwa ya Tiger vilivyopotea vililipuliwa na wafanyakazi wake wenyewe baada ya kukwama, kuharibika au kuishiwa mafuta wakati wa kurudi nyuma. Jeshi linalosonga mbele hukiokota kifaru chake kilichoharibika na kukirudisha kazini. Linalorudi nyuma hukiacha kikiwa na gasketi moja tu iliyopasuka.

Kilipigana mara ya kwanza wapi?

Karibu na Mga, nje ya Leningrad, tarehe 29 Agosti 1942. Vilikuwa vinne tu, vya batalioni ya 502, vikapelekwa kwenye msitu wenye kinamasi, mahali pabaya kuliko pote kwa chuma cha tani 57. Vitatu viliharibika siku hiyohiyo, hasa giaboksi. Septemba vikajaribu tena. Kimoja kikanasa kwenye tope na baadaye kikalipuliwa. Januari 1943 Warusi wakakiteka kimoja kikiwa karibu kizima. Kwa ufupi, siri yote ilipotea kabla silaha haijawa nyingi kiasi cha kubadili chochote.

Tiger vilifika Afrika?

Ndiyo, Tunisia. Batalioni ya 501 ilianza kushuka Novemba 1942, ikafuatiwa na ya 504. Jumla vilikuwa kama 30. Vilivyopelekwa huko vilifungiwa vichujio vikubwa vya hewa nyuma ya bodi kwa ajili ya vumbi.

Ni Tunisia ambako Waingereza waligundua kuwa mzinga wao mdogo wa pauni sita (jina linatokana na uzito wa risasi) unaweza kuua Tiger ukisubiri ubavu: Robaa, tarehe 20 Januari 1943, viwili vilipigwa namna hiyo. Tiger namba 131 kilitekwa Aprili 1943 baada ya risasi kugonga chini ya mzinga na kuukwamisha mnara. Wafanyakazi wakakikimbia bila kukilipua. Wajerumani waliposalimu amri Mei 1943, hakuna Tiger hata kimoja kilichorudi Ulaya kikiwa chao.

Afrika Mashariki havikufika. Kati ya vifaru vyenye deraya nene vilivyopigana karibu na kwetu ni Matilda cha Kiingereza, kwenye vita vya Keren, Eritrea, mwaka 1941. Kilikuwa na tani 27 tu, lakini deraya ya milimita 78 mbele, na mizinga ya Waitaliano haikukiweza.

Kursk ilikuwa vita ya Tiger?

Hapana. Huko Kursk, Urusi, Julai 1943 vilikuwepo kama 130 kati ya vifaru na mizinga ya kujiendesha ya Kijerumani zaidi ya 2,400. Vilitangulizwa mbele, vikatoboa safu za kwanza, na vingi vikasimamishwa na mabomu ya ardhini yaliyokata cheni na kuvunja magurudumu. Vingi kati ya hivyo vilitengenezwa na kurudi vitani baada ya siku chache.

Ni kweli ilihitajika Sherman tano kuua Tiger kimoja?

Sherman ni kifaru cha wastani cha Marekani, na tano ni idadi ya vifaru katika platuni ya Kimarekani. Platuni ilitumwa nzima, iwe mbele kuna Tiger au kuna bunduki moja ya rashasha, na hapo ndipo hadithi ilipopata namba yake.

Normandy 1944 Tiger vilikutana zaidi na Waingereza na Wakanada. Villers-Bocage, tarehe 13 Juni, Michael Wittmann, kamanda wa Tiger, aliharibu msafara wa Kiingereza kwa dakika chache. Mchana wa siku hiyo Tiger vilivyoingia kwenye mitaa ya mji bila askari wa miguu vilinaswa na mizinga ya pauni sita pamoja na Sherman Firefly. Wittmann mwenyewe aliuawa tarehe 8 Agosti. Firefly, yaani Sherman iliyofungwa mzinga wa pauni 17, iliweza kumtoboa Tiger mbele kwa umbali wa kawaida wa vita.

KV-1 kilikuwa tishio kweli?

Mwaka 1941, ndiyo. Deraya ya milimita 75 ilizishinda silaha nyingi za Wajerumani. Karibu na Raseiniai, Lithuania, tarehe 24 Juni 1941, KV kimoja kiliziba njia ya divisheni ya sita ya vifaru kwa siku nzima hadi mzinga wa 88 ukaletwa. Agosti, karibu na Krasnogvardeysk, Zinoviy Kolobanov, kamanda wa KV, na wafanyakazi wake walihesabiwa vifaru 22 kwa kuvizia kutoka kwenye shimo lililoandaliwa vizuri.

Lakini giaboksi ilikuwa mbovu kiasi kwamba madereva waliigonga gia kwa nyundo iingie, klachi iliungua, na madaraja mengi hayakukihimili. Kibaya zaidi, mzinga wake wa milimita 76 haukuzidi ule wa T-34 kilicho chepesi na cha bei nafuu. Kamanda alipata usumbufu wote wa kifaru kizito bila kupata pigo zito. KV-1S cha 1942 kilipunguzwa deraya hadi tani 42.5 ili kiweze kutembea, na hapo sababu ya kuwa nacho ikazidi kufifia.

Basi IS-2 kilirekebisha nini?

Mzinga. D-25T wa milimita 122 ulichaguliwa kwa sababu viwanda na risasi zake vilikuwepo tayari, ingawa ule wa milimita 100 ulitoboa vizuri zaidi. Gharama yake ilikuwa risasi 28 tu, zinazopakiwa kwa vipande viwili, kichwa cha kilo 25 kwanza na baruti baadaye. Mapigo mawili au matatu kwa dakika. Ukikosa la kwanza mbele ya Tiger, unakaa sekunde 20 ukiomba. Kwa nyumba na ngome, hata hivyo, hakikuwa na mpinzani, na Berlin 1945 ndiyo kazi kilichoifanya. Tangu katikati ya 1944 bamba la mbele lenye umbo la ngazi lilibadilishwa kuwa moja lililolazwa, na kifaru cha tani 46 kikawa na kinga bora mbele kuliko Tiger I cha tani 57. Kati ya vifaru vyote vya ukurasa huu, hiki ndicho kilichopangwa kwa akili zaidi.

Na Tiger II?

Karibu tani 70 juu ya injini ileile ya nguvu farasi 700. Viliundwa chini ya 500. Mzinga wake mrefu ulitoboa chochote, lakini gia za mwisho hazikuuweza mzigo. Agosti 1944, karibu na Sandomierz, Poland, batalioni ya 501 iliacha vingi njiani kabla ya kufika, na vilivyofika vilivamiwa kwa kuvizia na T-34 zenye mzinga wa 85. Ardennes, Desemba 1944, kikosi cha Peiper, kamanda wa SS wa Kijerumani, kiliishiwa mafuta na kuviacha La Gleize.

Pershing kilichelewa?

Ndiyo. Ishirini vya kwanza vilifika Ulaya Januari 1945. Kimoja kilipigwa na Tiger huko Elsdorf tarehe 26 Februari, kikatengenezwa na kurudi vitani. Machi vilipigana Köln na kusaidia kuteka daraja la Remagen. Mzinga wa milimita 90 ulitosha. Injini ya Ford ya nguvu farasi 500 ilikuwa karibu sawa na ya Sherman yenye tani 33, na hapa ilibeba 42. Korea 1950 udhaifu huo ulionekana wazi milimani.

Naweza kuviona wapi leo?

Tiger 131 kiko Bovington, Uingereza, na kinawashwa na kuendeshwa siku chache tu kwa mwaka ili kuilinda injini. Saumur, Ufaransa, kuna Tiger I na Tiger II, na Vimoutiers, Normandy, kuna Tiger I kilichoachwa Agosti 1944 na sasa kimesimamishwa kando ya barabara, hakuna tiketi. Tiger II namba 213 kiko mbele ya makumbusho ya La Gleize, Ubelgiji. IS-2 ndivyo rahisi kuviona, kwa kuwa vingi viliwekwa juu ya nguzo za kumbukumbu Urusi na Ulaya ya Mashariki. Ukifika Vimoutiers, zunguka nyuma ya kifaru uone deki ya injini ilivyoharibiwa kwa baruti: ni kazi ya wafanyakazi wake wenyewe walipoishiwa mafuta.